Cherehani ya Jirani

Kwenye kile chumba cha ushonaji, kiti cha dirishani kilikuwa wazi, na Mama Matundu alikuwa anakitaka kwa roho yake yote.

Hakukitaka kwa maringo. Alikitaka kwa sababu ya macho. Chumba chenyewe kilikuwa kirefu na chembamba kama behewa, na taa yake ilikuwa moja, imening'inia katikati kwa waya wenye vumbi, inawaka kwa kusitasita kama mtu aliyeulizwa swali asilolijua. Dirisha nalo lilikuwa moja tu, upande wa barabarani. Aliyekaa hapo aliona uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi bila kukunja uso. Mama Matundu alikaa kule nyuma, karibu na meza ya pasi, na siku hizi kutunga uzi kwenye sindano ilikuwa shughuli ya kutoa ulimi na kufumba jicho moja, mpaka wateja wakadhani anaikonyeza sindano.

Jina hilo alipewa kwa sababu ya matundu ya vifungo. Aliyashona kwa mkono, uzi umelala pembezoni sawasawa kama nyusi zilizochanwa. Kifungo kiliingia bila kusukumwa na hakikutoka bila ruhusa. Wanaume wazima walionekana mbele ya kioo cha duka wakifunga na kufungua mashati yao, wakifunga na kufungua, kwa raha tu.

Fundi mzee aliyekuwa anakaa dirishani alikuwa amestaafu, akahamia kwa binti yake, akaacha kiti, kimto cha kukalia na harufu ya dawa ya kuchua. Mwenye duka waliyemwita Bwana Tepu, kwa kuwa tepu ya kupimia haikutoka shingoni mwake hata siku ya harusi yake mwenyewe, alikuwa na tabia moja: akifikiri, hujipima. Hupima kidole gumba, hupima sikio, hupima umbali wa pua mpaka kidevu, kisha ndipo husema. Siku hiyo alijipima mkono kutoka begani mpaka kwenye kiwiko, akasema:

"Kile kiti nitakitoa. Lakini tumalize kwanza suruali za bendi. Nitaangalia kazi."

Basi. "Nitaangalia kazi." Hakuongeza neno, akaenda zake kunywa chai. Na hapo ndipo mguu wa Mama Matundu ulipoingiwa na wazimu.

Ilikuwa hivi. Cherehani ya jirani yake ilikuwa ya dada mmoja mgeni waliyemwita Chapchap. Alikuwa mwembamba, mwepesi, na alishona kama anayefukuzwa na mvua. Cherehani yake ililia trrrrrr, ikanyamaza kidogo, ikalia tena trrrrrr. Ya Mama Matundu ilikuwa na mwendo wake wa siku zote, tata-tata-tata, kama mama anayepanda ngazi na kapu. Tangu Chapchap afike, Mama Matundu alikuwa hasikii tena cherehani yake. Alisikia ya jirani tu.

Akawa anashona shingo imegeuka. Chapchap akimaliza mfuko, Mama Matundu anauma mdomo. Chapchap akikata uzi, naye anakata uzi, hata kama wake bado una kazi. Wakati wa chai, Chapchap alipiga mafunda makubwa na kurudi kazini, basi Mama Matundu naye akajimiminia chai ikiwa bado inatoa moshi, akaungua ulimi, akashinda anaongea kama mtoto anayeota meno. Siku moja Chapchap alipiga chafya tatu mfululizo, na Mama Matundu akajikuta anaitafuta chafya yake kwa bidii, pua juu, mpaka fundi wa pasi akamuuliza:

"Mama, kuna kitu kinaungua?"

"Hakuna. Piga pasi yako."

Nyumbani mambo hayakuwa mazuri zaidi. Mume wake alikuwa fundi baiskeli, mtu mpole mwenye kucha nyeusi za grisi na maneno machache. Walipokaa mezani kula, meza ilianza kutetemeka. Maji yakacheza kwenye bilauri, vijiko vikagongana. Mume akainama kuchungulia chini ya meza, akauona mguu wa mke wake ukikanyaga, juu chini, juu chini, pedeli ambayo haipo.

"Mama watoto," akasema taratibu, "ukimaliza kuendesha huko chini, utuambie tumefika wapi."

"Huyu mtoto wa watu amemaliza suruali zake nusu, mimi hata robo sijafika!"

"Amekwambia?"

"Nimesikia."

"Umesikia suruali?"

"Nimesikia cherehani! Inalia mpaka kwenye mfupa. Baba watoto, yule ataniketia pale dirishani, na mimi nitafia kule nyuma naikonyeza sindano. Matundu yenyewe siku hizi nayashona kwa kupapasa. Nikiharibu matundu, nimebaki na nini? Nitaitwa Mama Nani?"

Mume alitafuna tonge lake mpaka likaisha.

"Wewe ukishona, huwa unaangalia wapi?"

"Naangalia kwake, kwani nitajuaje amefika wapi?"

Mume akatikisa kichwa, akashika bilauri yake kwa mikono miwili ili isimwagike, akaendelea kula.

Suruali zenyewe zilikuwa za bendi ya tarumbeta, za kuvaa kwenye ufunguzi wa soko jipya. Kitambaa cheusi kizito, kisicho na ndani wala nje, pande zote mbili sawa, na utepe mwekundu ubavuni. Nusu ya suruali alipewa Mama Matundu, nusu Chapchap. Kila fundi ashone zake mwanzo mpaka mwisho. Mama Matundu akafanya anavyofanya siku zote kwa nguo nzito: kwanza akashikiza vipande kwa mkono, mishono mikubwa ya kulegea ya kushika kitambaa kisiteleze. Kisha akashona miguu, mifuko na tepe, akaacha mshono wa nyuma, ule wa makalio, uwe wa mwisho, azipitishe suruali zote kwa mkupuo mmoja.

Siku ya kumaliza ilipofika, chumba kilikuwa cha moto, pasi inatoa mvuke, na Bwana Tepu ameshachungulia mara kadhaa huku akijipima paji la uso. Mama Matundu akaweka rundo kulia, akaweka mguu kwenye pedeli.

Trrrrrr, ikalia ya jirani.

Trrrrrr, ikajibu ya Mama Matundu, na mwenyewe akashtuka kwamba cherehani yake inajua neno hilo.

Jirani akazidisha. Naye akazidisha. Mkanda wa cherehani ukaanza kupiga kelele. Kilemba kikamteleza mpaka kwenye jicho moja, hakukirudisha, maana jicho lililobaki ndilo lilikuwa upande wa jirani. Suruali zikapita chini ya sindano moja baada ya nyingine, akizisukumia upande wa pili bila kuziangalia. Uzi wa kushikiza, ambao kwa kawaida huutoa kabla nguo haijakwenda kwenye pasi, siku hiyo aliuacha palepale. Ni nani ana muda wa kuchomoa nyuzi wakati mwenzake anaruka kama panzi?

Walimaliza pamoja. Pamoja kabisa. Cherehani zote mbili zikanyamaza, na kimya kikawa kikubwa mpaka wakasikia maji yakichemka ndani ya pasi. Wakaangaliana kwa mara ya kwanza siku hiyo, wote wawili wamelowa jasho, wakatabasamu yale matabasamu ya meno bila macho.

"Hongera, dada," akasema Chapchap.

"Hongera na wewe," akasema Mama Matundu, akahema.

Mkuu wa bendi alikuja na watu wake jua likiwa bado kali. Alikuwa mtu mfupi mwenye masharubu mapana kuliko mabega. Wakavaa suruali zao nyuma ya pazia, wakatoka wameng'aa, utepe mwekundu unashuka ubavuni kama umechorwa. Bwana Tepu akajipiga kifuani kwa furaha.

"Mnapendeza! Jiangalieni kwenye kioo!"

"Kioo hakijui kitu," akasema mkuu wa bendi. "Sare ya mpiga tarumbeta inapimwa kwa pumzi. Vijana, nje! Jipangeni!"

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake. Hakupokea sare mpaka ipigiwe wimbo na kutembelewa. Bendi ikajipanga barabarani mbele ya duka, waliovaa za Chapchap kushoto, waliovaa za Mama Matundu kulia. Watu wakaanza kusogea, muuza magazeti akaacha meza yake, mama mmoja akasimama na kapu la vitunguu, watoto wakakaa ukingoni mwa mtaro. Mkuu akainua fimbo.

"Mbele, tembea!"

Upande wa kushoto ukajaribu. Mungu awasaidie, walijaribu. Lakini mtu akiinua mguu wa kulia, suruali inamvuta arudi nyuma, akiinua wa kushoto inampeleka mbele, na kwa jumla ya mambo wote wakaanza kuzunguka mahali pamoja, polepole, kama kuku wanaotafuta pa kulala. Mmoja akatia mkono mfukoni, akaukuta mfuko uko nyuma ya paja.

"Mkuu," akalia, "mguu wangu mmoja unakwenda sokoni, mwingine unarudi!"

Chapchap, mlangoni, akashika mdomo. Alikuwa ameshona miguu miwili ya kushoto kwenye kila suruali. Kitambaa hakikuwa na ndani wala nje cha kumwonya, na yeye hakugeuza kipande hata kimoja, kwa haraka.

Mama Matundu aliona hayo, na tuseme ukweli, moyo wake ulipiga kigelegele. Dirisha hilo! Akaliona jua likimwangukia mapajani. Akaanza hata kufikiria rangi ya mto wa kukalia.

"Wa kushoto simameni!" akafoka mkuu. "Wa kulia, pigeni ile noti ya mwisho. Ile ndefu. Jazeni tumbo!"

Upande wa kulia alisimama mpiga tarumbeta kubwa kuliko zote, baba mnene aliyeitwa Ngurumo, ambaye tarumbeta yake ilimzunguka mwilini kama nyoka aliyeshiba. Ngurumo akavuta pumzi. Akavuta tena. Tumbo likaja, mashavu yakaja, akapuliza. Wenzake wakapuliza. Noti ikapanda mpaka kwenye mabati, na ilipofika juu kabisa ukasikika mlio mwingine, mfupi, mkavu, ambao haukuwa kwenye wimbo.

Prrraaa.

Mkuu akashusha fimbo. "Nani amepiga hiyo?"

Wapigaji wakaangalia viatu vyao.

"Nauliza, nani amepiga hiyo noti?"

"Si mimi, mkuu," akasema Ngurumo kwa sauti ndogo sana kwa mtu wa ukubwa wake. "Ni suruali."

Na kabla hajamaliza, wa pembeni yake, prrraaa. Na wa baada yake, prrraaa. Ikashuka mstarini kama watu wanaoitikia majina. Upande mzima wa kulia ukashika tarumbeta zao, si mbele mdomoni, bali nyuma, pale penye aibu. Yule mama akaweka chini kapu la vitunguu ili acheke vizuri.

Mama Matundu alikimbilia kwenye cherehani yake. Akafungua kile kimlango cha chini, akatoa bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini kinachojificha tumboni mwa cherehani. Kilikuwa kitupu. Si kitupu cha sasa hivi, ni kitupu cha kung'aa kama kipara. Uzi wa chini uliisha tangu suruali ya kwanza ile ya mbele ya rundo, na uzi wa juu peke yake ulikuwa ukitembea kwenye kitambaa kama mgeni asiyekaribishwa ndani. Kilichoshika makalio ya upande mzima wa kulia ni ule uzi wa kushikiza, wa kulegea, aliokosa muda wa kuuchomoa.

Fundi yeyote anayeangalia mshono wake angeona mapema. Angesikia hata cherehani ikibadilisha sauti. Lakini yeye alikuwa akisikiliza ya nani?

Bwana Tepu alisimama katikati ya chumba, akajipima kuanzia utosini mpaka shingoni, akarudia, kana kwamba anaangalia kama kichwa bado kipo.

"Hawa wanapitisha upepo," akasema mkuu wa bendi, akihesabu kwa fimbo, "na hawa wanakwenda na kurudi kwa wakati mmoja. Ufunguzi ni kesho kutwa. Zikiharibika tena, bendi itavaa kaptura, na zile sare za kwaya nilizotaka mshone sitazileta hapa."

Alipoondoka, Bwana Tepu akasema neno moja. "Fumueni."

"Na kile kiti, bosi?" Mama Matundu aliuliza kabla hajajizuia.

"Kiti tutakiongelea kama bado kuna duka la kukiweka."

Sasa, kufumua uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi hakufanyiki nyuma karibu na pasi. Wakavuta mabenchi wote wawili mpaka dirishani, kila mmoja na wembe wake, suruali zimejaa mapajani. Kwa mara ya kwanza hawakuwa na pedeli chini ya miguu. Wakachomoa nyuzi, mmoja amenuna kulia, mmoja kushoto.

Ni Chapchap aliyeanza. "Dada, naomba nikuulize kitu usikasirike."

"Uliza."

"Unakimbilia wapi siku zote?"

Mama Matundu akaacha wembe hewani. "Mimi?"

"Wewe. Tangu nimekuja hapa sijapumua. Kila nikisikia cherehani yako haisimami, tata-tata-tata, haisimami hata kidogo, naona aibu. Mimi nashona kidogo, nasimama kupumzisha kiuno, wewe unaendelea tu kama mto. Nikasema huyu mama atanimaliza. Ndiyo nikaongeza mwendo."

"Wewe umeongeza mwendo kwa sababu yangu?"

"Sasa kwa sababu ya nani? Hata chai ile nilikuwa naimeza kwa hofu. Naona umeshaanza kunyanyuka, nami nanyanyuka."

"Nilikuwa nanyanyuka kwa kukuona wewe umenyanyuka!"

Wakaangaliana. Chapchap akawa wa kwanza kutikisika mabega. Mama Matundu akajaribu kujizuia, akakumbuka Ngurumo akisema "ni suruali", na hapo wote wawili wakaangua kicheko, wakalaliana, wakalia machozi juu ya kitambaa cha bendi, mpaka fundi wa pasi akaja na birika la maji akidhani kuna aliyezimia.

"Na zile chafya," Mama Matundu akauliza akijifuta kwa mguu wa suruali, "chafya tatu, zilikuwa za nini?"

"Vumbi, dada, nilikuwa nimetoka kufungua dirisha. Mimi na mwanga wa jua hatupatani, nikikaa hapa hivi pua inawasha. Angalia." Na kweli akapiga moja hapohapo.

"Kumbe hukitaki hiki kiti?"

"Hiki? Hata kwa dawa. Ingekuwa juu yangu ningehamia pale pako karibu na pasi, kiuno changu kinapenda joto. Nilidhani anayepata kiti ndiye fundi, na asiyepata ni takataka. Nikakimbia tu, mtu akikimbizwa anauliza?" Akakunja suruali moja, akaipapasa kwenye mkanda, pale penye tundu la kifungo. "Mimi jambo moja tu ninalokuonea wivu ni hili. Nikiliangalia tundu lako nataka kuacha kazi. Langu linafanana na jeraha."

"Hebu lete nilione."

Akaletewa. Lilifanana na jeraha kweli. Mama Matundu akatunga uzi, na alipomaliza ndipo alipogundua kwamba ameutunga mara moja, ulimi ndani, macho yote mawili wazi. Akamshika Chapchap mkono, akamwonyesha jinsi ya kulaza uzi bila kuuvuta. "Polepole, mdogo wangu. Tundu halijui kama umechelewa."

Walifumua, wakashona upya, kila mmoja kwa mlio wake. Bendi ilirudi, ikatembea mpaka kwenye kona na kurudi ikiwa inaelekea upande mmoja, na Ngurumo akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na hakuna kilichosikika ila tarumbeta. Mkuu alizunguka nyuma ya kila mtu, akainama, akanyoosha masharubu. "Zimepita. Na kwaya nitaileta," akasema.

Ndipo Mama Matundu akamfuata Bwana Tepu, mikono nyuma. "Bosi, ile siku ulisema utaangalia kazi. Najua nimekuaibisha. Kama kiti nimekikosa, niambie tu."

Bwana Tepu akajipima sikio, akashangaa. "Umekikosaje? Aliyestaafu alikuwa anashona nini pale dirishani miaka yote?"

"Matundu ya vifungo."

"Na sasa matundu anashona nani?"

"Mimi."

"Basi kiti cha matundu kimkose mshona matundu kiende wapi? Nilisema nitaangalia kazi, nione kazi itakwisha lini, tuhamishe cherehani yako. Ile yako ni ya chuma, ningeihamisha na nani katikati ya suruali za bendi?"

Mama Matundu akaenda kuketi kwenye benchi kidogo.

Cherehani ilihamishwa siku hiyohiyo, fundi wa pasi amebeba upande mmoja, mume wa Mama Matundu, aliyeitwa kutoka kwenye baiskeli zake, amebeba mwingine. Chapchap akahamia pale palipoachwa wazi, karibu na pasi na joto lake, ameegemeza kiuno. Mama Matundu akaketi dirishani kwenye kimto chenye harufu ya dawa ya kuchua, jua limemwangukia mapajani kama alivyoota, akainua macho kuangalia barabara.

Ng'ambo, kwenye ghorofa, mama mmoja alikuwa anaanika nguo. Alikuwa na kasi huyo mama! Kibanio, shati, kibanio, shuka. Mama Matundu akamtazama. Akaona vibanio viwili kwa mkono mmoja. Akaona kamba ya kwanza imejaa. Chini ya meza, mguu ukaanza wenyewe, taratibu, kisha kwa haraka, na cherehani ikaanza kuunguruma.

"Dada!" Chapchap akaita kutoka kule nyuma. "Ni nani tena?"

Mguu ukasimama. Mama Matundu akaona haya, akacheka peke yake mpaka kilemba kikamshuka. Akavua kiatu cha mguu wa pedeli, akakisukuma mbali chini ya kiti. Akafungua kile kimlango cha chini, akatoa bobini, akaiinua kwenye mwanga aione vizuri. Ilibaki na uzi kidogo sana. Akaanza kuijaza, polepole, macho yake yakiangalia uzi ukijizungusha, mzunguko juu ya mzunguko, na nyuma yake cherehani ya Chapchap ikawa inalia trrrrrr, ikanyamaza kupumzisha kiuno, ikalia tena.